Shamba Halijafa, Limevuliwa Nguo

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Ndugu zangu vijana, wazazi wangu, na wewe msomaji ambaye hukuwepo msikitini siku ile lakini jarida hili limekufikia mkononi. Alhamdulillahi, tumejaaliwa kuufikia mwezi mwingine wa Ramadhan. Niliombwa nizungumze kuhusu mazingira. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kidogo, kwa sababu najua neno hilo likitajwa watu huanza kutazama saa, na Alasiri ya Ramadhan mtu ana sababu yake nyingine ya kutazama saa. Kwa hivyo mazingira nitayaacha. Nitazungumza juu ya shamba la babangu, na jinsi nilivyoliua, ama nilivyodhani nimeliua.

Hadithi za kupanda mti mnazijua. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, akaja akala ndege ama mtu ama mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka. Masheikh wetu wapo hapa na wao ndio wa kulieleza hilo. Mimi nina swali la upande wa pili, na nimetembea nalo miaka mingi: je, yule aliyeukata?

Shamba letu liko bara ya Msambweni, huko Kwale, ekari 12. Babangu alilima mahindi, muhogo na kunde chini ya miti. Mkwaju hapa, mwembe pale, migunga mpakani, minazi upande wa bonde. Hakuna aliyemfundisha. Siku hizi wataalamu wanaita kilimo mseto, yaani kulima mazao na kuacha ama kupanda miti katika shamba hilo hilo, na Nairobi, pale Gigiri, kuna kituo kizima cha kimataifa kinachofanya utafiti wa jambo hilo, kilianzishwa mwaka 1978. Mzee hakukijua. Yeye alikuwa akisema tu kwamba muhogo unapenda jua lakini mwenye jembe anapenda kivuli, na lazima wote wawili wasikilizwe.

Mwaka 1999 nilikuwa nimemaliza shule na nilitaka kwenda Mombasa kutafuta maisha. Nauli sina, mtaji sina. Baba alikuwa mgonjwa, hafiki shambani. Basi mimi na binamu yangu tukaingia na mashoka. Tulianza na miti ya mbali ili mzee asisikie, tukapanda juu kidogo kidogo, mwisho tukaiangusha mikwaju miwili mikubwa ambayo bibi yetu aliikuta hapo alipoolewa. Tukaifukia, tukachoma makaa, tukapanga magunia kando ya barabara. Pesa nilizopata nilinunua redio ya kaseti na viatu, na zilizobaki zilikwisha Mombasa kabla ya Maulidi. Redio yenyewe iliibiwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hakikutokea siku moja. Miaka miwili ya kwanza mahindi yalikubali vizuri tu, nikawa najisifu kwamba miti ilikuwa inaziba jua. Kumbe tulikuwa tunakula akiba. Mti unadondosha majani, majani yanaoza, yanakuwa mbolea. Mizizi inaufunga udongo. Mvua kubwa ikinyesha, matone yanagonga majani kwanza, yanateremka polepole, yanaingia ardhini. Ukiuondoa mti, tone linapiga udongo uchi. Udongo wa juu, ule mweusi, unabebwa na maji kwenda bondeni, kutoka bondeni mpaka mtoni, kutoka mtoni mpaka baharini, na wavuvi wa Gazi na Shimoni hawakuuomba. Kwetu ukabaki ule mwekundu, ukishikwa na jua unakuwa sakafu. Mvua ikija inateleza juu yake kama maji juu ya mkeka wa plastiki. Kisima chetu cha bondeni, ambacho zamani kiliuvuka msimu wote wa kaskazi, kikawa kinakauka Januari. Dadangu akawa anatembea zaidi ya saa nzima kutafuta kuni, katika shamba ambalo nduguye aliuza kuni zake.

Baba alifariki mwaka 2007. Mwaka 2009 ulipokuja ule ukame, hatukuvuna hata kikapu.

Mwaka 2011 ndugu tulikaa tukakubaliana tuuze. Mnunuzi alikuwepo, bei ilikuwa ya kutupwa, lakini kila mmoja alishapiga hesabu yake. Yangu ilikuwa pikipiki. Ikabaki idhini ya mama. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Katika mirathi mimi nina thumuni yangu, sivyo?" Tukasema ndivyo. Akasema, "Basi naitaka iwe katikati ya shamba." Tulicheka, lakini tulielewa kwamba biashara imevunjika, maana nani atanunua shamba lenye mwanamke mzee katikati? Kisha akanitazama mimi peke yangu, akasema, "Shamba halijafa, limevuliwa nguo. Na aliyelivua namjua."

Kumbe miaka yote alijua.

Asubuhi yake alinichukua mpaka penye kile kisiki cha mkwaju. Kando yake palikuwa na machipukizi, kama kumi na tano hivi, yamefika magotini. Mimi siku zote niliyaita magugu. Kila mwaka kabla ya masika tulifyeka na kuchoma, machipukizi yakaenda na moto, na mvua ikinyesha yakachipua tena. Mama akasema, "Miaka kumi na miwili unamkata, na miaka kumi na miwili anakujibu."

Nilimweleza bwana shamba mmoja habari hiyo nikidhani ataniona mshamba. Yeye akaniketisha akanisimulia habari za Niger.

Niger, ndugu zangu, ni nchi ya Waislamu, kule Afrika Magharibi, na sehemu kubwa yake ni jangwa la Sahara. Wakulima wako kusini, na mvua yao ni ya msimu mmoja tu wa miezi mitatu minne. Sisi tuna masika na vuli, na bado tunanung'unika. Mwaka 1981 kijana mmoja kutoka Australia, Tony Rinaudo, alifika Maradi kusimamia mradi wa kupanda miti. Akaotesha miche, akaigawa, ikapandwa, ikafa. Jua, mchanga, mbuzi. Mwaka 1983 alikuwa safarini na gari lililobeba miche, akasimama kupunguza upepo kwenye magurudumu ili lipite mchangani. Akatazama huku na huku akaona ukame mtupu. Kando ya njia palikuwa na kichaka. Alikisogelea, akayatazama majani yake, akagundua kwamba kile hakikuwa kichaka. Kilikuwa mti uliokatwa, unachipua kutoka kwenye kisiki chake. Na vichaka kama hicho vilikuwa maelfu kwa maelfu kila upande. Msitu ulikuwa chini ya miguu yake siku zote, mizizi yake ingali hai.

Hapo nilimkatiza bwana shamba nikamwambia, "Mamangu anamjua huyo Mwaustralia?"

Kazi yenyewe ni nyepesi mpaka watu hawaiamini. Unakichagua kisiki. Katika machipukizi kumi na tano unachagua matatu mpaka matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata. Yale uliyoyaacha unayapogolea matawi ya chini, mpaka kama nusu ya urefu wake, ili yapande juu. Unayalinda na moto na mifugo. Basi. Mizizi ni mizee, imeshafika penye maji, kwa hivyo chipukizi halikui kama mche, linakimbia. Baada ya muda unaweza kukata moja kwa fito ama kuni, na ukaacha lingine lichukue nafasi yake.

Lakini Maradi mwanzoni waliwacheka waliojaribu. Ukaja ukame na njaa ya mwaka 1984, watu wakapewa chakula kwa sharti la kuacha miti ikue mashambani. Wakaacha. Chakula kilipokwisha, wengi wakachukua mashoka wakaikata tena. Hapo mimi sina ubavu wa kumlaumu mtu. Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi: tangu wakati wa Mfaransa, sheria ilisema mti ni mali ya serikali hata ukiwa shambani mwako. Ukiukata unatozwa faini. Sasa mkulima mwenye akili atafanya nini akiona mti unaota? Ataung'oa ukiwa mdogo, kabla haujamletea askari. Maafisa wa misitu walipolegeza kamba, na mkulima akaanza kuamini kwamba mti huu ni wangu na wanangu, ndipo mambo yalipobadilika. Habari ikatoka mkulima kwa mkulima, kijiji kwa kijiji, mingine bila mradi wala mfadhili kuwepo. Baada ya miaka kama ishirini watafiti walilinganisha picha za zamani na za setilaiti, wakakuta karibu hekta milioni 5, ambazo ni zaidi ya ekari milioni 12, zimerudi kuwa na miti. Wakakadiria miti milioni 200. Haikupandwa hata mmoja katika hiyo, iliachwa tu iishi. Na nafaka iliyoongezeka ilikadiriwa kutosha kulisha watu milioni 2 na nusu kwa mwaka.

Kuna mti mmoja kule wanauita gao, jamii ya migunga. Tabia yake ni ya ajabu. Mvua zinapoanza, miti yote inapovaa majani, huo unavua. Kwa hivyo mtama unaoteshwa chini yake unapata jua, tena unapata mbolea ya majani yaliyodondoka. Kiangazi kikifika, kila kitu kikauke, gao ndio unavaa majani na kuzaa maganda ambayo mbuzi na ng'ombe wanayala. Subhanallah, mtu angeombwa aubuni mti wa mkulima asingefikiria hilo.

Na nitawatajia mtu mwingine, kwa sababu huyu alikuwa ndugu yetu na vijana wetu hawamjui. Yacouba Sawadogo, wa kijiji cha Gourga, kaskazini mwa Burkina Faso. Utotoni alipelekwa Mali kusoma chuo cha Qur'ani. Alipokuwa mkubwa alifanya biashara sokoni Ouahigouya. Ukaja ukame wa miaka ya 1970 na 1980, watu wakahama vijiji vyao, na yeye badala ya kuhama aliacha biashara akarudi kwenye ardhi iliyokufa. Kule wazee wana desturi ya kuchimba vishimo vidogo, wanaviita zai. Yeye alivichimba vipana zaidi na virefu zaidi, ukubwa wa sahani ya kulia wali, na akavichimba wakati wa kiangazi, jua kali, watu wamelala. Ndani akaweka samadi. Wakamwita kichaa.

Samadi inaita mchwa. Sisi mchwa tunamjua kwa kutafuna boriti zetu, lakini kule alifanya kazi ambayo jembe haliwezi: alitoboa ile sakafu ngumu vijia vingi vingi, na mvua ya kwanza iliponyesha maji yakaingia ndani badala ya kuteleza. Mtama ukaota. Na katika samadi kulikuwa na mbegu za miti zilizopita matumboni mwa mifugo. Zikaota pia, naye hakuzing'oa. Baada ya miaka palipokuwa jangwa pakawa msitu wa zaidi ya aina 60 za miti na vichaka, katikati ya mashamba. Kuna wakati watu waliuchoma moto, akaanza upya. Tangu mwaka 1984 alikuwa akiita wakulima wa vijiji vingine waje kwake, siku ya soko la zai, wabadilishane mbegu na maarifa, bila malipo. Mwaka 2018 yeye na yule Rinaudo walipewa tuzo moja, ile ya Right Livelihood ya Sweden, kila mmoja kwa kazi yake. Mzee Yacouba alifariki Desemba 2023. Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwa amesoma kilimo hata siku moja.

Basi nikarudi shambani. Na msidhani nilifuata maelekezo. Mimi nilikuwa kijana wa mjini, nilitaka kitu kinachoonekana, kwa hivyo nilinunua miche 300 ya miembe na mikorosho kwa mkopo, nikapanda kwa mistari iliyonyooka. Kaskazi ilipokwisha ilikuwa imebaki 11. Mama aliihesabu kwa sauti.

Ndipo nikanyenyekea kwa visiki. Mwaka 2012 ndugu tulikubaliana jambo moja tu: hapachomwi moto. Majani tuliyofyeka tuliyalaza chini yafunike udongo. Tukahesabu visiki hai 140 na kitu. Mikwaju, migunga, mikone, hata mipingo mitatu ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Tulipogolea kwa panga kali, maana panga butu linachana gome na ugonjwa unaingia. Sehemu ngumu kabisa, ile iliyokuwa sakafu, tulichimba vishimo vya mzee Yacouba, tukatia samadi ya mbuzi, tukaotesha mahindi na kati yake tukaotesha mbaazi.

Hapa kwenye mbaazi nitakaa kidogo, mniwie radhi, najua mmefunga. Kila mmoja wetu hapa anaijua mbaazi ya nazi kwa mahamri. Lakini wangapi wanaujua mbaazi kama mti? Unasimama mpaka kumshinda mtu kimo, unaweza kukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja, mizizi yake inazama chini kuliko ya mahindi, na kwenye mizizi hiyo kuna vijidudu vinavyochukua naitrojini kutoka hewani na kuifanya mbolea. Majani yake yakidondoka yanalisha udongo, miti yake mikavu ni kuni, na wewe umekula mbaazi. Mtu asiye na kisiki hata kimoja, asiye na samadi, na aanze na mbaazi. Ni kilimo mseto cha maskini, na mbegu yake iko dukani kwenye gunia.

Vita vyetu vilikuwa vya mbuzi. Jirani yetu alikuwa na mbuzi wengi, na mbuzi anapenda chipukizi kuliko anavyompenda mwenyewe. Tulikosana, tukaacha kusalimiana, na mimi nikafikiria kutia sumu, astaghfirullah. Mama akasema kwa nini mwenye mbuzi aisaidie miti ambayo haimfai kitu? Baada ya swala ya Ijumaa tulikaa na wazee, tukapatana hivi: yeye atawafunga mbuzi wake miezi ya mvua mpaka machipukizi yapite kimo chao, na sisi tutampa matawi tunayopogolea, na mpakani tutapanda lusina awe anakata majani kwa ajili yao. Mpaka leo tunakwenda hivyo. Ukiniuliza ni kitu gani kiliokoa shamba letu, sitasema visiki. Nitasema kile kikao. Visiki vilikuwepo miaka yote.

Sitawadanganya kwamba tumetajirika. Mwaka wa tatu tuliuza fito. Mwaka wa nne dadangu aliacha kwenda mbali kutafuta kuni. Kisima sasa kinafika Machi. Ukame ulipokuja kuanzia mwishoni mwa 2020 mpaka 2022, mahindi yetu yalikauka kama ya kila mtu, lakini tulipata mbaazi, tulipata majani ya mifugo, tuliuza mizigo ya kuni za matawi, na hatukuuza ardhi. Kuna kipande kama ekari mbili bado kigumu, hakijakubali.

Kuna watakaosema ardhi yangu haina hata kisiki, ni mawe. Idd ikifika wengi wenu mtakwenda Haller Park pale Bamburi kutazama twiga na viboko. Ndipo alipolelewa yule kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee. Sasa safari hii mkifika, acheni viboko kidogo, tazameni chini. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, matumbawe matupu, yamechimbwa mpaka karibu na maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kujaribu miti. Alijaribu aina 26, ikasimama aina tatu tu: mvinje, mnazi, na mdamasi wa Somalia. Mvinje ulishinda, kwa sababu nao una vijidudu vya mbolea mizizini. Lakini majani yake yalidondoka yakalala tu, hayaozi. Kazi ikakwama. Aliyeikwamua ni jongoo. Ndiyo, huyu huyu tunayemkanyaga. Waliletwa majongoo, wakayala yale majani, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza wa mahali pale. Twiga mnaowapiga picha wamesimama juu ya kazi ya jongoo.

Na hapo hapo Bamburi, katika miaka hiyo ya 1970, uliletwa mti mwingine kutoka Amerika kwa nia njema ile ile: mathenge. Miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na sehemu nyingine kavu. Ndugu zetu wa Tana River hawahitaji nielezee. Umefunga njia, umevamia malisho na kingo za mto, miiba yake inatoboa magurudumu, na maganda yake yakizidi yanaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi, wakaenda na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Kwa hivyo mtu akikuletea mche wa bure, muulize ni mti gani, umetoka wapi, na unakunywa maji kiasi gani. Mkalitusi karibu na kisima ni kumwalika mnywaji nyumbani. Mimi naamini zaidi mti ambao bibi yangu alikuwa na jina lake.

Serikali yetu ina malengo makubwa. Katiba ya 2010 inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti, na kanuni za mwaka 2009 zinamtaka mkulima aache asilimia 10 ya shamba lake kwa miti. Kwa ekari zetu 12 ni kama ekari moja na robo, na mkifuata kilimo mseto hampotezi hata hiyo, kwa sababu miti iko ndani ya mazao. Imetangazwa pia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda. Ni jambo jema. Mimi nilikuwepo, nilipanda, nilipigwa picha. Ila siku ya kurudi kuhesabu iliyo hai haijawahi kutangazwa kuwa sikukuu.

Kwa ndugu zangu wa mjini, ambao shamba lao ni varanda: maji tunayotawadhia hapa msikitini yanakwenda moja kwa moja kwenye mtaro. Tumefundishwa kutoyafuja, na mtaro unayafuja kwa niaba yetu. Kamati imeshakubali tuelekeze bomba moja uani. Mlimau, mlonge na mpera vitatosha pale.

Neno langu la mwisho ni kwa nyinyi mnaosubiri mirathi, na mnaosubiri ndugu zenu wakubali kuuza. Nawajua, baadhi yenu mmeniuliza bei. Sisemi kuuza ni haramu, mtu ana dharura zake, ada za shule, hospitali. Ninachowaomba ni kwamba kabla hamjamleta mnunuzi, nendeni mkalitembee shamba baada ya mvua za kwanza, kabla moto haujapita, mkiwa na mtu mzima anayekumbuka lilivyokuwa. Kahesabuni visiki. Na dada zenu wawepo siku hiyo, kwa sababu wana fungu lao na kwa sababu wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi.

Jumamosi ya pili baada ya Idd, inshaallah, chama chetu kitakuja kwetu. Lori litaondoka hapa msikitini baada ya Alfajiri. Kila mmoja aje na panga lililonolewa na maji yake ya kunywa. Kile kipande cha ekari mbili kinatungoja, tutachimba vishimo, na jirani yangu mwenye mbuzi ameahidi samadi.

Na ile juisi mtakayofungulia leo, iliyo katika ndoo ile ya buluu, ni ya ukwaju wa kile kisiki. Mwaka jana ndio mara ya kwanza ulizaa. Mama hakuwahi kuuonja, alitangulia mwaka 2021. Mkiinywa muombeeni dua yeye, na mkimaliza niombeeni na mimi niliyeukata.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.